Kijitabu cha kijani cha Uchumi kinachouzwa steshenari za Mtwara: kinunue, ila shika kalamu nyekundu

Kijitabu hiki kinajulikana kwa rangi yake. Jalada la manila ya kijani, kurasa 96, pini mbili mgongoni, jina la mwandishi hakuna, la mchapaji hakuna. Steshenari za karibu na Soko Kuu la Mtwara zinakiuza shilingi 6,000. Kikifika Lindi mjini ni 7,000, na anayekiagiza kutoka Liwale au Nachingwea anaongeza nauli ya kifurushi juu yake. (Hiyo tofauti ya bei ingekuwa swali zuri kuliko mengi yaliyomo ndani, lakini tuendelee.) Kimeandikwa kwa Kiingereza cha mtihani, na chini ya kila aya kuna maelezo ya Kiswahili kwa herufi za mlazo. Wanaokichukua zaidi ni vijana wa kidato cha tano na sita wa michepuo ya HGE, EGM na ECA, pamoja na wa mwaka wa kwanza chuoni wanaokutana na Uchumi kwa mara ya kwanza.

Hukumu kwanza. Sura ya tatu, ya soko, peke yake inalipia ile 6,000. Sura ya pili ina mchoro mmoja uliopinduliwa. Sura ya tano, ya mifumo ya uchumi, inataka kusahihishwa karibu kila ukurasa. Masahihisho yote yamewekwa hapa kwa namna ambayo msomaji anaweza kuyahamishia pembeni mwa kurasa, kwa hiyo kaa nacho mkononi ukisoma.

Maneno yanayofanana na ya nyumbani

Kinachouza kijitabu ni tafsiri zake za Kiswahili, na humo ndimo mlimo na mitego.

Ukurasa wa 4 unatumia "uhaba" kwa mambo mawili tofauti. Uhaba wa kiuchumi ni hali ya kudumu: rasilimali zina kikomo, matakwa hayana. Hata tajiri anao, maana siku yake nayo ina saa 24. Upungufu ni jambo jingine: bidhaa haiwatoshi wanaoitaka kwa bei iliyopo. Nenda feri asubuhi ambayo kusi imevuma usiku kucha na boti nyingi hazikutoka. Fungu la samaki lililokuwa 5,000 jana, leo linaitwa 9,000, na kila mwenye 9,000 anaondoka na fungu lake. Hapo uhaba upo, upungufu haupo. Sasa weka amri kwamba bei isizidi 5,000: foleni itafika barabarani, mafungu yataisha watu bado wamesimama, na baadhi ya samaki watauzwa kwa mlango wa nyuma. Huo ndio upungufu, na umezaliwa na bei. Katika ukurasa huo kata neno "uhaba" mstari wa tisa na wa kumi na nne, andika "upungufu".

"Mahitaji" nalo linapoteza wengi. Kwa Kiswahili cha nyumbani mahitaji ni unga, mafuta ya taa, ada ya shule, vitu ambavyo mtu anavihitaji awe na hela asiwe nayo. Katika Uchumi neno hilo linasimama badala ya kiasi ambacho wanunuzi wako tayari kukinunua, na wana uwezo wa kukilipia, kwa kila bei, ndani ya muda fulani. Hayo yote yaingie kwenye maana. Ukiacha "kwa kila bei" umebakiza tamaa tu. Hapa tunaandika "uhitaji" ili kutenganisha.

"Mtaji" kijitabu kinasema ni "fedha za kuanzisha biashara". Hivyo ndivyo mtaa unavyosema, na ndivyo mwanafunzi atakavyokosa alama. Kama nyenzo ya uzalishaji, mtaji ni vitu vilivyotengenezwa ili visaidie kuzalisha vingine: mashine ya kupulizia salfa, mashine ya kubangua, ghala, boti, mizani. Fedha inanunua mtaji, yenyewe haipulizii mkorosho. Na "ardhi" si shamba tu. Gesi ya Mnazi Bay na ya Songo Songo imo humo, bahari imo, mvua imo.

Kosa zito la sura ya kwanza liko ukurasa wa 7: gharama ya fursa imeelezwa kuwa "vitu vyote alivyoviacha mtu baada ya kuchagua". Hapana. Ni kile kimoja kilicho bora kuliko vyote alivyoviacha. Tuseme mkulima ana ekari moja aliyoipanda ufuta. Angeipanda mbaazi angebaki na 400,000 baada ya gharama, kunde, 250,000, angeikodisha, 60,000. Gharama ya fursa ya ufuta wake ni 400,000. Kwa maana ya kijitabu ingekuwa 710,000, kana kwamba ekari moja ingeweza kulimwa mbaazi, kulimwa kunde na kukodishwa kwa wakati mmoja.

Mchoro uliopinduliwa, ukurasa wa 15

Mstari wa uwezo wa uzalishaji, unaoonyesha kiasi cha juu cha vitu viwili kinachoweza kuzalishwa kwa rasilimali zilizopo, umechorwa ukibonyea kuelekea pembe ya chini kushoto, kama unavyochorwa mstari wa mridhiko sawa wa mlaji. Halafu maelezo yanasema nukta iliyo ndani ya mstari "haifikiki". Yote mawili ni kinyume. Nukta ya ndani inafikika kirahisi. Ni dalili kwamba kuna rasilimali zimelala au zimetumika vibaya. Isiyofikika ni ya nje, mpaka teknolojia au rasilimali ziongezeke.

Kwa nini mstari ubinuke kuelekea nje? Kijitabu kinasema tu "kwa sababu ya sheria". Chukua familia yenye ekari tano, nyingine za kichanga na nyingine za udongo mzito kidogo, inayogawanya nguvu zake kati ya muhogo na ufuta. Wakilima muhogo mtupu wanapata magunia 20. Wakitaka gunia la kwanza la ufuta wanatumia kipande kinachoufaa ufuta zaidi, muhogo unashuka hadi 19. Gunia la pili, muhogo 17. La tatu, 13. La nne, 7. La tano, 0. Gharama ya kila gunia jipya la ufuta ni magunia 1, kisha 2, 4, 6 na 7 ya muhogo. Inapanda kwa sababu kila hatua inalazimisha kutumia ardhi isiyofaa ufuta kama ile ya kwanza. Chora namba hizo kwenye karatasi ya miraba, utauona mstari ukibinuka nje wenyewe. Kama kila ekari ingefaa mazao yote mawili kwa kiwango kilekile, mstari ungenyooka.

Sura ya tatu, iliyo nzuri

Hapa aliyeandika anajua kazi yake. Anatenganisha kusogea juu ya mstari wa uhitaji (bei ya bidhaa yenyewe imebadilika) na kuhama kwa mstari mzima (kipato, bei ya kibadala, matarajio, idadi ya walaji). Anatoa mazoezi 14 yenye majibu, na majibu 13 ni sahihi. La tisa limekosewa kujumlisha: si 340, ni 430.

Kinachokosekana ni mfano mmoja ambao upo mlangoni kwa kila msomaji wa Mtwara na Lindi, nao ni mnada wa korosho. Wanafunzi wengi wanadhani mstari wa uhitaji ni kitu cha ubaoni. Mnadani wanunuzi wanauchora wenyewe. Kila mmoja anataja bei na tani anazotaka, zamani kwa karatasi zilizofungwa ndani ya sanduku, na tangu msimu wa 2024/25 kwa mtandao kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Zabuni zinapangwa kuanzia bei ya juu kushuka. Orodha hiyo ndiyo mstari wa uhitaji. Mzigo uliopo ghalani siku hiyo ndio ugavi, na kwa siku hiyo moja umesimama wima, maana hata bei ikipanda mara mbili asubuhi ile mikorosho haitazaa saa sita.

Tufanye hesabu kwa namba za mfano. Ghalani kuna tani 1,000. Mnunuzi wa kwanza anataka tani 300 kwa 2,450 kwa kilo. Wa pili tani 400 kwa 2,420. Wa tatu tani 500 kwa 2,400. Wa nne tani 600 kwa 2,350. Jumlisha ukishuka: 300, 700, 1,200, 1,800. Mzigo wa tani 1,000 unaishia ndani ya zabuni ya tatu, ambaye anapata 300 kati ya 500 alizotaka. Wa nne anaondoka mikono mitupu. Bei ya 2,400 ndiyo bei msawazo: chini yake wanaotaka wanazidi mzigo, juu yake mzigo unabaki. Kila mmoja akilipa alichotaja, mauzo ni 735,000,000 na 968,000,000 na 720,000,000, jumla 2,423,000,000, wastani 2,423 kwa kilo. Wote wangelipa 2,400 ingekuwa 2,400,000,000. Ile tofauti ya milioni 23 ni sehemu ya ziada ya mnunuzi (kile alichokuwa tayari kulipa juu ya bei ya soko) iliyohamia kwa muuzaji, dhana ambayo kijitabu kinaigusa ukurasa wa 38 kwa mistari miwili na pembetatu isiyo na namba. Sasa unajua pia kwa nini taarifa za mnada hutaja bei ya juu na bei ya chini.

Mnyumbuko, yaani kiasi kinavyoitikia bei inapobadilika. Ukurasa wa 44 unatumia kanuni ya asilimia kwa kuanzia bei ya mwanzo, bila onyo lolote. Tatizo linaonekana ukigeuza mwelekeo. Korosho zilizobanguliwa zishuke kutoka 24,000 hadi 20,000 kwa kilo, mauzo ya wiki yapande kutoka kilo 40 hadi 60. Kwa kanuni ya kijitabu: kiasi kimepanda asilimia 50, bei imeshuka asilimia 16.67, mnyumbuko 3. Rudisha bei juu kutoka 20,000 hadi 24,000: kiasi kimeshuka asilimia 33.33, bei imepanda asilimia 20, mnyumbuko 1.67. Soko lilelile, wateja walewale, majibu mawili. Dawa ni kugawanya kwa wastani wa namba mbili: 20 kwa 50 ni asilimia 40, 4,000 kwa 22,000 ni asilimia 18.18, jibu 2.2 kokote uendako. Swali likikutajia bei mbili bila kusema ipi ya mwanzo, tumia wastani.

Kwenye mnyumbuko wa ugavi kijitabu kinasema "mazao ya kilimo hayanyumbuki" kisha kinahamia mada nyingine. Ni kweli nusu. Mkorosho mpya unachukua miaka kama mitatu kuanza kuzaa, na mavuno makubwa yanakuja baadaye zaidi, kwa hiyo msimu huu bei nzuri haiongezi miti. Lakini bei ya msimu huu inaamua nani atapalilia na nani atapulizia salfa mwaka ujao, na mti usiopuliziwa hubabuliwa maua na ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu. Kwa hiyo: siku ya mnada ugavi haunyumbuki kabisa, msimu mmoja mbele unanyumbuka kidogo, miaka mitano mbele sana. Jibu lisilotaja muda halijakamilika.

Bei ya chini na ushuru, kurasa 50 hadi 57

Kijitabu kinaeleza bei elekezi ya chini kwa mchoro sahihi na mfano wa ngano ya Ulaya. Ulaya ya nini? Mwaka 2018 wakulima wa kusini waligomea bei za wanunuzi binafsi, Serikali ikaingia, na mwezi Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba itanunua korosho yote kwa 3,300 kwa kilo, malori ya jeshi yakisomba mzigo. Ni somo kamili la bei ya chini. Ukiiweka juu ya ile ambayo soko liko tayari kulipa, wanunuzi wanarudi nyuma, na aliyeiweka lazima awe tayari kununua mzigo unaobaki, kuuhifadhi, kulipa wakulima kwa wakati na kutafuta soko baadaye. Serikali ilibaki na zaidi ya tani laki mbili za kuuza. Mchoro wa kijitabu unaonyesha pembetatu ya ziada bila kuuliza nani anailipia. Andika hapo: ghala, riba, kukauka kwa mzigo, uhakiki wa wauzaji.

Ushuru. Ukurasa wa 56 unasema "kodi ya bidhaa hubebwa na muuzaji anayeilipa". Hili ndilo kosa ambalo mtahini hulisubiri. Anayepeleka hela mamlakani na anayeumia wanaweza kuwa watu wawili. Korosho ghafi inayosafirishwa nje inatozwa asilimia 15 ya thamani yake bandarini au dola 160 kwa tani, ile iliyo kubwa. Kwa tani yenye thamani ya dola 1,200, asilimia 15 ni 180, inalipwa 180. Kwa dola 1,000 ni 150, hivyo inalipwa 160. Mpaka wa kuvuka uko dola 1,067 hivi. Mlipaji ni msafirishaji. Lakini bei ya dunia haipangwi Mtwara. Wabanguaji wa Vietnam na India wana korosho za nchi nyingine za kununua. Msafirishaji anayejua atatozwa 180 atazitoa kabla ya kuandika zabuni yake. Mzigo unaangukia zaidi upande usionyumbuka, na kama tulivyoona, siku ya mnada upande huo ni wa mkulima. Faida inayotajwa upande wa pili ni kwamba korosho ghafi inakuwa rahisi kwa kiwanda cha hapa nchini. Mwanafunzi aandike pande zote mbili, kisha aseme ni mnyumbuko gani unaoamua.

Sura ya tano, ya mifumo

Sura hii imejengwa kwa majedwali: ubepari faida saba hasara saba, uchumi hodhi (unaopangwa na serikali) faida saba hasara saba, mseto "huchukua mazuri ya yote mawili". Mfumo wowote unaochukua mazuri tu haupo duniani. Pia ukurasa wa 71 unasema Tanzania ni nchi ya kijamaa, wa 78 unasema ni ya uchumi mseto, na hakuna maelezo. Kumbe yote mawili yana mashiko: Katiba ya 1977, ibara ya 3, bado inaitaja Jamhuri ya Muungano kuwa nchi ya kidemokrasia na ya kijamaa, wakati shughuli zenyewe zinaendeshwa kwa mseto tangu mageuzi ya miaka ya 1980. Jina kwenye sheria na utendaji sokoni ni vitu viwili. Uliza swali linataka kipi.

Badala ya majedwali, pima kwa maswali matatu: nani anamiliki nyenzo, nani anaamua bei na kiasi, na nani anabeba hasara mambo yakiharibika. Historia ya Mtwara na Lindi inatosha kuyajibu bila kwenda Moscow.

Mradi wa karanga. Serikali ya Uingereza ya chama cha Labour iliuanzisha 1947 ikitafuta mafuta ya kula baada ya vita, ikalenga ekari zaidi ya milioni tatu. Mashamba yakafunguliwa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Bandari ya kina kirefu ya Mtwara na reli ya kuiunganisha na Nachingwea vilitokana na mradi huo. Ulifutwa 1951 kwa hasara ya pauni kama milioni 36, na reli ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mmiliki serikali, mwamuzi ofisi ya mbali, mbeba hasara mlipakodi wa Uingereza. Lengo liliwekwa kwa ekari kabla ya kuijua vizuri mvua na udongo, na hapakuwa na bei ya kumwambia mtu mapema kwamba gharama imeipita karanga yenyewe. Kijitabu kinasema mipango ya namna hii hufanywa na nchi za kikomunisti. London haikuwa ya kikomunisti.

Kisha Ujamaa. Baada ya Azimio la Arusha, tarehe 5 Februari 1967, benki na makampuni makubwa yakataifishwa, na miaka ya 1970 watu wakahamishiwa vijijini. Korosho nchini ilifika tani kama 145,000 msimu wa 1973/74. Katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa imeporomoka chini ya tani 20,000. Kijitabu kinatoa sababu moja: "uvivu unaoletwa na uchumi hodhi". Hilo ni jibu la kijiweni. Familia zilihamishwa mbali na mikorosho yao, palizi ikafa. Mnunuzi alikuwa mmoja, na bei aliyompa mkulima ilikuwa ndogo. Na ubwiriunga ulienea, ugonjwa usiouliza siasa ya nchi. Sababu mbili za kwanza zinatokana na mfumo, ya tatu haitokani nao, na mwanafunzi anayezitenganisha anaonyesha anajua tofauti ya kutokea pamoja na kusababisha.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa, salfa na utafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele ukafanya kazi yake, na kufikia mwaka 2000 uzalishaji ulikuwa umevuka tena tani laki moja. Lakini soko huru la kijiji chenye mnunuzi mmoja mwenye lori si soko la ushindani. Ni ukiritimba wa mnunuzi, mada ambayo kijitabu hakina hata sentensi moja juu yake. Sheria ya stakabadhi za ghala ya 2005, iliyoanza kutumika kwa korosho ya Mtwara msimu wa 2007/08, ilikuja kuwakusanya wauzaji upande mmoja: mkulima anapeleka AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, mzigo unapimwa na kupewa daraja, unakwenda ghala kuu, chama kikuu, iwe MAMCU, TANECU, RUNALI au Lindi Mwambao, kinaupeleka mnadani. Sasa jibu maswali matatu. Mikorosho ni ya mtu binafsi. Bei inaamuliwa na zabuni, njia ya kuuzia inaamuliwa na sheria. Salfa ya ruzuku inatoka serikalini. Hasara ya mvua anaibeba mkulima. Huo ndio mseto, na umechukua machungu ya pande zote pia, malipo yanapochelewa na makato ya usafiri, ghala na chama yanapokuja pamoja.

Kilichoachwa kabisa: kangomba

Kijitabu kina sura nzima ya fedha na riba, na riba yake yote ni ya benki. Riba ambayo msomaji wa Tandahimba au Ruangwa anaijua haina karatasi. Julai ndani hakuna kitu, ada inadaiwa, mtoto anaumwa. Anakuja mtu na bakuli. Analipa sasa, anachukua korosho Novemba, na kipimo ni bakuli hilo, si mizani. Hiyo ndiyo kangomba. Ni kinyume cha sheria, na kila mmoja anajua nyumba gani wanafanya.

Tuipigie hesabu kama mkopo. Amelipa 1,000 kwa "kilo". Novemba kilo, baada ya makato, inamwachia muuzaji 2,100. Aliyetoa 1,000 anavuna 2,100 kwa miezi minne: riba asilimia 110. Lakini lile bakuli linaloitwa kilo likipanda mizani linasoma kilo 1.2. Basi kwa 1,000 yake anapata korosho za 2,520: asilimia 152. Asilimia 42 zimefichwa kwenye ukingo wa bakuli.

Ni sehemu chache zinazokusanya dhana nyingi namna hii: leo kuthaminiwa kuliko kesho, taarifa zisizolingana, kukosa dhamana, na malipo ya hatari, maana mwenye bakuli naye anaweza kunyang'anywa mzigo au kukimbiwa na mdeni wake. Inaeleza pia kwa nini katazo peke yake halimalizi mchezo: uhitaji wa fedha za Julai unabaki palepale, na hatari ikiongezeka bei ya mkopo inapanda.

Yaliyobaki

Sura za pato la taifa na mfumuko wa bei ni za kawaida, hesabu sahihi, takwimu za zamani. Zichukue kama mazoezi ya kanuni, namba mpya tafuta kwa Ofisi ya Taifa ya Takwimu na Benki Kuu. Sura ya biashara ya kimataifa ni nakala ya sura ya nne yenye kichwa kingine. Mifumo ya soko imeelezwa vizuri kuliko tulivyotarajia, ila mfano wa gharama kushuka kadiri kiwanda kinavyokua ni wa viwanda vya magari. Kiwanda cha saruji cha Dangote kipo hapo nje ya mji na lori zake zinapita barabarani kila siku.

Karatasi ni nyepesi, wino wa upande wa pili unaonekana. Pini zinashika kutu kwa unyevu wa baharini, na baada ya mwezi kurasa za katikati zinachomoka; fundi wa steshenari akitoboa na kuweka uzi wa plastiki inakaa. Michoro ni kopi ya kopi, mingine imepoteza majina ya mihimili. Kabla hujatoa hela fungua ukurasa wa 33: ukikuta mchoro wa msawazo hauna herufi kwenye mhimili wa kushoto, omba nakala nyingine. Kisha angalia baada ya wa 62. Katika baadhi ya nakala unafuata wa 65, na hizo mbili zilizoruka ndizo zenye majibu ya mazoezi ya sura ya tatu.